Betri ya Gari Lililosimama ni Kifaa cha Tiba

Saa nane usiku, katika kituo cha afya cha kijijini, mama aliyejifungua salama muda mfupi uliopita anaanza kutokwa damu isiyokoma. Muuguzi wa zamu anamkanda mji wa mimba, anamchoma sindano ya oksitosini, anamwekea dripu, kisha anapiga simu ya rufaa. Gari la wagonjwa limeegeshwa chini ya mwembe, hatua thelathini tu kutoka mlango wa wodi. Matairi yake ni mazuri, tangi lina dizeli ya kutosha, na dereva wake anaishi nyuma ya kituo. Dereva anafika mbio, anazungusha ufunguo. Kinachosikika ni mlio mdogo, tak-tak-tak, kisha taa za dashibodi zinafifia na kuzimika.

Mandhari hii haihitaji kupewa jina la wilaya. Aliyefanya kazi katika vituo vya pembezoni ama ameiona kwa macho yake, ama amesimuliwa na mwenzake aliyeiona. Walinzi na ndugu wa mgonjwa hutoka kusukuma gari. Mwenye lori hugongewa dirisha ili aazime betri. Mmoja hukimbia kumwamsha kijana wa bodaboda. Dakika arobaini hupita hivyo. Baadaye, kikao cha kujadili kifo kikikaa, taarifa itaandikwa kwamba rufaa ilicheleweshwa na usafiri. Neno betri halitaonekana popote, na kwa kuwa halikuandikwa, hakuna atakayeulizwa juu yake.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa ucheleweshaji unaoua wajawazito katika hatua tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kukifikia kituo, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo sasa hufundishwa kwa kila mkunga. Gari lisilowaka lina ubaya wa pekee katika mpango huo, kwa sababu mama amekwisha kuamua, amekwisha kufika mahali pa kwanza, na bado amerudishwa katika ucheleweshaji wa pili na kitu kilichomo ndani ya uzio wa kituo chenyewe. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, asipotibiwa, aweza kufariki katika muda wa takriban saa mbili. Dakika arobaini ni theluthi ya maisha yaliyobaki.

Jambo linalotetewa hapa ni dogo na halina fahari. Betri ya chombo kinachosubiri dharura, liwe gari la wagonjwa, pikipiki ya huduma za mkoba au jenereta ya chumba cha upasuaji, ihesabiwe miongoni mwa vifaa vya tiba. Iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwangalizi wake, ipimwe kwa siku maalumu, na kipimo chake kiandikwe kwenye karatasi inayoonekana na wote.

Wengi hudhani betri huchoka kwa kazi. Kwa betri ya kuwashia injini, mara nyingi mambo ni kinyume: huuawa na mapumziko. Pikipiki ya bodaboda inayozunguka mjini tangu alfajiri hadi usiku, iliyopakia abiria wawili na gunia la mkaa, huwaka kila asubuhi bila ubishi, kwa maana kila safari huirudishia betri ilichotoa. Gari la wagonjwa lililooshwa na kung'arishwa, linalotoka mara mbili kwa mwezi, ndilo linaloaibisha kituo. Huenda hii ni mojawapo ya nguvu zisizosemwa za mpango wa m-mama nchini Tanzania, ambao kwa namba 115 huwatumia pia madereva wa jamii pale gari la wagonjwa lisipopatikana. Teksi ya kijijini haina oksijeni wala kitanda cha mgonjwa, lakini iliwaka jana na juzi, na itawaka leo.

Sababu yake inaeleweka bila kuwa fundi. Betri ya kawaida ya gari ni ya risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na ambayo kanuni yake haijabadilika tangu hapo. Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na ushei, na katika kila chumba mabamba ya risasi yamezamishwa katika asidi ya salfuriki. Betri inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujengeka juu ya mabamba. Inapochajiwa, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Ikiachwa bila chaji kwa majuma kadhaa, salfeti laini hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena kwa urahisi. Hapo betri huwa imepungua ukubwa wake daima. Hata ikichajiwa usiku kucha, itaonyesha imejaa na itazimika kwa mzunguko wa kwanza wa stata. Kila mhudumu wa afya ameona kovu linalochukua nafasi ya nyama iliyo hai. Fuwele hizo ni kitu cha namna hiyo.

Hata isipotumiwa na chochote, betri hujimaliza yenyewe. Katika nyuzi joto 25 hupoteza takriban asilimia 3 hadi 5 ya chaji yake kwa mwezi, na kasi hiyo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi kumi za joto zinazopanda. Gari lililoegeshwa juani Tanga au Lamu, ambapo chini ya boneti joto hupita lile la kivulini kwa mbali, haliwezi kulinganishwa na lile lililoegeshwa Njombe. Mwembe wa kituo una faida zaidi ya kivuli cha wagonjwa.

Lakini mwizi mkubwa si joto. Magari ya sasa hayalali kabisa: saa, kengele ya wizi, redio ya mawasiliano na kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari huendelea kunyonya umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa dereva. Tuseme vyote kwa pamoja hunyonya miliampea 50, kiasi kidogo mno. Kwa siku moja hiyo ni ampea-saa 1.2, kwa siku thelathini ni 36. Betri ya ampea-saa 70 itakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya akiba yake bila gari kusogea hata hatua moja. Ongeza taa ya nyuma iliyosahauliwa, mashine ya kufyonza makohozi iliyoachwa kwenye soketi, na simu tatu za watumishi zinazochajiwa humo umeme wa gridi ukikatika, na hesabu inafungwa mapema zaidi. Kwa pikipiki mambo huenda mbio zaidi, kwa kuwa betri yake aghalabu ni ya ampea-saa 5 hadi 9. Kifaa cha kufuatilia kinachokula miliampea 20 tu huimaliza betri ya ampea-saa 7 kwa wiki mbili. Wafadhili hufunga vifaa hivyo ili wajue pikipiki iko wapi, na mara nyingine hupata jibu sahihi kabisa: iko palepale, haiwaki.

Katika vituo vingi ipo desturi inayodhaniwa kuwa ndiyo dawa. Kila asubuhi dereva huwasha injini, huiacha ingurume dakika tano, kisha huizima na kutia saini kwenye daftari. Ni kazi ya kusifiwa kwa nia yake, na ingefaa iachwe. Injini ikinguruma gari likiwa limesimama, alternata haifikii nguvu yake kamili, na sehemu ya umeme wake huliwa papo hapo na taa na feni. Tena betri ya risasi hupokea chaji polepole zaidi kadiri inavyokaribia kujaa. Kuitoa nusu hadi kujaa ni kazi ya saa kadhaa. Dakika tano hurudisha kilichotumiwa kuwasha na ziada kidogo, basi. Zaidi ya hayo, injini isiyopata joto lake kamili hukusanya unyevu ndani ya mafuta na katika bomba la moshi. Kama hakuna njia nyingine, ni afadhali gari litolewe mara moja kwa wiki, liendeshwe barabarani nusu saa au zaidi kwa mwendo wa kawaida, kuliko kunguruma kila siku bila kwenda kokote.

Njia nyingine ipo, nayo si ghali ikilinganishwa na betri mpya. Ni chaja ndogo inayojizuia yenyewe: hujaza betri kwa volti 14 na kitu, kisha hushuka na kuishikilia kwenye volti 13 na ushei kwa muda wote gari likiwa limeegeshwa. Mahali pasipo na umeme wa gridi, paneli ndogo ya sola ya wati 10 au 20 juu ya paa la gari, ikipitia kidhibiti chaji, hufanya kazi ileile. Sharti ni kwamba chaja ilingane na betri. Kanuni ya mafundi ni kuchaji kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 haihitaji zaidi ya ampea 0.7. Kuifunga kwenye chaja kubwa ya gereji kwa sababu ya haraka ni kuichemsha.

Upimaji nao hauhitaji mtaalamu. Multimita ya bei ndogo, ambayo fundi wa vifaa tiba tayari anayo, yatosha. Hupimwa asubuhi kabla gari halijawashwa. Betri iliyopumzika na iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu, 12.2 ni nusu, na hapo ni lazima ichajiwe siku hiyohiyo, 12.0 ni robo. Injini ikiwaka, kipimo kinapaswa kupanda hadi karibu 14. Kisipopanda, shida haipo kwenye betri, na kununua nyingine ni kutupa fedha. Fundi aitwe aitazame alternata. Mhudumu anayeweza kusoma kipimo cha shinikizo la damu hashindwi na namba hizi.

Vituo vya afya vina mfano mzuri wa kuiga, na hauko mbali na mwembe. Kwenye mlango wa jokofu la chanjo hubandikwa karatasi. Mara mbili kila siku, hata Jumapili na sikukuu, mtu husoma kipimajoto na kuandika kama jokofu liko kati ya nyuzi 2 na 8. Hakuna anayesema hiyo ni kazi ya fundi wa majokofu. Hakuna anayesubiri chanjo ziharibike ndipo apime. Nidhamu hiyo ilijengwa kwa miaka mingi kwa sababu wenye kusimamia chanjo walikubali kwamba ubaridi ni sehemu ya dawa. Hata kuhusu betri walijifunza mapema kuliko wengine: majokofu ya sola ya awali yalishindwa mara kwa mara kwa sababu betri zake zilikufa, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya yatengenezwe majokofu yanayoendeshwa na jua moja kwa moja, yanayoweka akiba katika barafu badala ya betri. Gari haliwezi kukwepa betri kwa njia hiyo. Linaweza, hata hivyo, kupata karatasi yake, yenye safu mbili tu, tarehe na volti, ikijazwa kila Jumatatu na kuangaliwa na mganga mfawidhi.

Itasemwa kwamba hiyo ni kazi ya dereva. Dereva ana likizo, ana misiba, na mara nyingi ni mmoja kwa gari moja. Muuguzi wa usiku ndiye atakayesimama mbele ya mgonjwa gari likikataa, kwa hiyo ana haki ya kujua jana lilisoma ngapi. Daktari wa usingizi hukagua taa ya laringoskopu kabla ya kumlaza mgonjwa, ingawa si yeye anayenunua betri zake.

Itasemwa pia kwamba gari likikataa husukumwa. Land Cruiser za dizeli za zamani, zenye pampu ya kawaida na gia za mkono, ziliwavumilia watu kwa hilo. Magari mengi mapya hayavumilii: yenye gia za kujibadili hayawashwi kwa kusukumwa, na yenye injini zinazoongozwa na kompyuta huhitaji umeme wa kutosha ndipo mafuta yafike kwenye mitungi. Pikipiki yenye kabureta na kiki humsamehe mwenyewe. Ile ya mfumo wa kupuliza mafuta, betri ikiwa imekufa kabisa, yaweza kupigwa kiki hadi mguu uvimbe. Kadiri vyombo vinavyokuwa vya kisasa ndivyo betri inavyozidi kuwa mlango wa pekee.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Waingereza Andrea na Barry Coleman waliona barani Afrika pikipiki za wahudumu wa afya zimetelekezwa kwa hitilafu ambazo matunzo madogo yangezizuia. Kutokana na hayo lilizaliwa shirika la Riders for Health, lililosimama juu ya wazo kwamba matengenezo hufanywa kabla ya kuharibika. Wazo hilo lilikuwa sahihi wakati ule, na bado halijafika katika bajeti nyingi, ambamo kifungu cha kununua chombo hujaa na kifungu cha kukitunza hubaki na sifuri. Pikipiki iliyotolewa kwa ajili ya huduma za mkoba na kupeleka sampuli za makohozi ikisimama miezi mitatu kwa kukosa fedha za mafuta, hupoteza na betri juu yake, na fedha za mafuta zikija hununuliwa betri. Kwa pikipiki inayojulikana kuwa itasimama muda mrefu, tiba ni rahisi: ijazwe chaji, waya wa kichwa hasi ufunguliwe, kisha ichajiwe tena kila mwezi. Gari la wagonjwa lisifanyiwe hivyo, kwa maana lazima liwe tayari saa yoyote. Hilo ni la chaja.

Jambo moja linastahili kukemewa waziwazi. Umeme ukikatika usiku, betri ya gari huchomolewa ili imulike chumba cha kujifungulia. Nani atamlaumu mkunga aliye gizani? Lakini betri ya kuwashia injini imeundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, si kutoa kidogo kidogo hadi alfajiri. Ikimalizwa hivyo mara kadhaa hufa, na mgonjwa anayefuata ndiye hulipa. Taa za wodi ziwe na betri yake ya sola, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kituo kinachoazima betri ya gari kwa taa kimekwisha kueleza upungufu wake. Anayeidhinisha bajeti ausome hapo.

Wagonjwa na jamaa zao nao wana sehemu katika hili. Mjamzito anapohudhuria kliniki huulizwa kuhusu mpango wa kujifungua: atakwenda wapi, nani atamsindikiza, kwa usafiri gani. Jibu likiwa ni gari la mjomba lililofunikwa turubai tangu sikukuu, swali la pili liwe lini liliwashwa mara ya mwisho. Vivyo hivyo kwa mwenye pikipiki aliyevunjika mguu na kukaa nyumbani miezi minne: kijana wa nyumbani aombwe kuichaji kila mwezi, ili siku ya kurudi kliniki chombo kiwepo.

Anayeishughulikia betri aiheshimu. Inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, inayolipuka kwa cheche ndogo, kwa hiyo ichajiwe penye hewa, mbali na sigara na jiko. Betri za kumimina maji huongezewa maji maalumu ya betri yasiyo na madini, kamwe si asidi wala maji ya bomba. Asidi ikiruka jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi mfululizo kwa dakika zisizopungua ishirini, kisha mtu apelekwe kuonwa; kuosha kwanza, safari baadaye.

Na betri iliyokufa haijamaliza madhara yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo betri kuukuu zilivunjwavunjwa kwa ajili ya risasi yake. Mombasa, wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walipeleka mahakamani shauri la sumu iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri. Betri iliyokufa kwa uzembe baada ya mwaka mmoja, ilhali ingeishi mitatu au minne, ni risasi inayotoka kituo cha afya kwenda kwenye nyua za namna hiyo mara tatu badala ya mara moja. Isiuzwe kwa mwenye mkokoteni anayepita. Irudishwe kwa muuzaji mwenye kibali siku ile inaponunuliwa mpya, na juu ya ile mpya, kabla haijafungwa, iandikwe tarehe kwa rangi isiyofutika.